Injini za zamani za ndege za modeli: kutoka dalili hadi chanzo

Injini nyingi za zamani za ndege za modeli ambazo watu husema zimekufa bado ni nzima. Oili imegandia ndani, hewa inapenya mahali isipotakiwa, au umeme hauifikii plagi. Pistoni na silinda, ambavyo ndivyo roho yake, mara nyingi viko salama. Kinachoziua kweli ni spana inayotangulia uchunguzi. Katika injini nyingi za aina hii pistoni ya chuma ilisuguliwa ndani ya silinda yake mpaka nafasi baina yao ikabaki mikroni chache (elfu za milimita), na kadiri zilivyofanya kazi kila kipande kilizoea kukaa na mwenzake kwa namna moja. Ukivitenganisha bila sababu na kuvirudisha vimegeuka, umepoteza kitu ambacho ni vigumu sana kukirudisha. Kwa hiyo hapa tutafuata dalili jinsi zinavyojitokeza mtu anapoifunga injini kwenye benchi na kuanza kuizungusha. Kufungua kutakuja pale ushahidi unapolazimisha. Na kote, badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine.

Kwanza jua una injini ya ukoo gani

Dalili ileile ina chanzo tofauti kwa kila ukoo. Za mwanzo kuenea ni za cheche. Mfano wake ni Brown Junior ya Marekani, ya cc 10, ya miaka ya 1930. Hizi zina pointi (swichi ndogo inayofunga na kufungua umeme) nyuma ya propela, pamoja na koili ya kupandisha volti, kondensa ya kulinda pointi, na betri, na zinakunywa petroli sehemu 3 kwa sehemu 1 ya oili nzito ya madini, SAE 60 au 70.

Mwaka 1947 Ray Arden wa Marekani aliingiza sokoni plagi ya joto. Ndani yake mna kiwaya cha platini kinachopashwa moto na betri wakati wa kuwasha tu. Baada ya hapo betri inatolewa na kiwaya kinaendelea kung'aa chenyewe, kwa sababu ya joto la mwako na kwa sababu platini ikikutana na mvuke wa methanoli huzalisha joto zaidi. Mafuta yake ni methanoli yenye oili ya nyonyo asilimia 20 hadi 25, pengine na nitromethani kidogo.

Ukoo wa tatu, uliopendwa sana Ulaya, ni dizeli ndogo kama Mills 1.3 ya Uingereza iliyotoka 1946. Hazina plagi wala betri. Juu ya silinda kuna skrubu yenye mkono inayosukuma chini pistoni ndogo ya pili, tuiite pistoni ya juu, na hiyo ndiyo inayopunguza au kuongeza kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Zinatumia etha, mafuta ya taa na oili ya nyonyo, takriban theluthi kwa theluthi.

Sasa shika chupa ya mafuta kabla hujashika injini. Oili ya madini haichanganyiki na methanoli, na oili ya nyonyo haikai vizuri ndani ya petroli, kwa hiyo mafuta ya ukoo mmoja hayafai kwa mwingine hata kwa kujaribu tu. Methanoli iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewani, na injini inakuwa ngumu kuwaka bila sababu inayoonekana. Mafuta ya dizeli yanajieleza yenyewe: inua chupa kwenye mwanga. Yakiwa mazima yanapenyeza mwanga bila kizuizi. Ukiona ukungu, au mstari unaogawa tabaka mbili, etha imetoroka kupitia kifuniko. Etha ndiyo iliyokuwa ikiunganisha oili ya nyonyo na mafuta ya taa, na ndiyo inayowaka mapema kwa mgandamizo. Ikiondoka, hata ukiipiga propela mchana kutwa hutapata moto. Tengeneza mapya, usijaribu kuyafufua.

Angalia na tangi pia. Baadhi ya injini za cheche zilikuja na tangi la plastiki angavu ya zamani. Petroli haikuwa na shida nalo, lakini methanoli inaweza kulilainisha na kulipinda. Mwenye nia ya kubadilisha injini ya cheche itumie plagi ya joto alitoe tangi hilo kwanza.

Jambo jingine ninalolishikilia: injini yenye pistoni ya chuma bila ringi usiiwekee mafuta ya kisasa yenye oili ndogo ya kutengenezwa kiwandani. Oili ya nyonyo inaacha uchafu, ni kweli, lakini hubaki juu ya chuma wakati joto limepanda na oili nyingine zimeshakimbia.

Benchi na mikono

Funga injini kwa skrubu kupitia masikio yake kwenye ubao mgumu. Kubana krenkikesi (ganda la chini la injini) kwa jiliwa kunaivunja au kuipinda, na krenkikesi iliyopinda hushika krenkishafti (mhimili unaozungusha propela) kiasi kwamba utatafuta ugonjwa usiokuwepo. Simama nyuma ya propela unaporekebisha, kamwe usikae ubavuni kwenye mstari wa mzunguko wake, maana propela ikikatika vipande huruka upande huo. Propela yenye ufa au pengo itupwe. Piga kwa kijiti chenye mpira au vaa glavu nene. Moto wa methanoli hauonekani juani, na mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa na unatambaa mezani hadi ukutane na chanzo cha moto. Chupa ikae mbali, imefungwa, na kazi ifanyike nje au penye hewa nyingi. Ukipima cheche kwa injini ya petroli, kausha kwanza mafuta yaliyomwagika na usubiri mvuke upotee.

Propela isiyofaa inazaa dalili za uongo. Dizeli ya cc 1.5 itafurahi na ya inchi 8 kwa 4 (kipenyo, kisha umbali wa kusonga mbele kwa mzunguko mmoja). Cox (chapa ya Marekani) ya cc 0.8 yataka 6 kwa 3. Injini kubwa ya cheche ya cc 10 ilitengenezwa kusukuma propela ya inchi 13 au 14 polepole. Ukiifunga ndogo inapiga kelele na kutetemeka bila kutoa nguvu yake.

Haizunguki kabisa

Hapa vidole vinakueleza. Ikigoma kwa ulaini, inasogea nywele moja kisha inarudi kama iliyonaswa kwenye gundi, hiyo ni oili ya nyonyo iliyokauka. Ikigoma kwa ukali, kama kugonga ukuta, kuna chuma dhidi ya chuma au kimiminika kimejaa juu ya pistoni.

Kwa oili iliyoganda, toa plagi, ipashe moto injini kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ishindwe kushikika, kisha dondoshea methanoli au oili ya kupenya kwenye tundu la ekzosi na mdomo wa kabureta baada ya joto kupungua. Methanoli na chombo cha joto visikutane. Acha. Rudia. Halafu funga propela ya mbao na uisogeze mbele na nyuma kwa pembe ndogo, ukiangalia ukingo wa pistoni kupitia ekzosi. Utaona utepe wa kahawia ukianza kulainika na kuteleza. Anayelazimisha katika hatua hii anapinda konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenkishafti), na konrodi iliyopinda hutaijua mpaka injini ianze kula upande mmoja wa silinda.

Magadi ya soda yasiikaribie injini, yanakula aluminiamu. Baadhi ya krenkikesi za zamani ni za magnesiamu, na hizo hazivumilii asidi, hata siki.

Kwa ukuta mgumu katika dizeli, legeza kwanza skrubu ya kompresheni mizunguko miwili, geuza injini ekzosi iangalie chini, na umwage kilichomo. Mafuta yaliyojaa juu ya pistoni hayagandamiziki, na mkono wenye nguvu au starta ya umeme unaweza kuvunja injini kwa pigo moja.

Inazunguka lakini haina kompresheni

Dondoshea matone mawili ya oili kwenye ekzosi pistoni ikiwa chini, zungusha taratibu mara kadhaa, kisha ishikilie pistoni karibu na kilele kwa kidole kwenye propela. Injini nzuri ya pistoni bila ringi itakusukuma na kukaa hivyo muda. Yenye ringi itavuja polepole na hilo ni la kawaida kwake, usiihukumu kwa kipimo cha mwenzake. Injini za cheche nazo zilitengenezwa kwa mgandamizo mdogo kuliko dizeli, kwa hiyo usitegemee ubishi uleule.

Ikivuja haraka, sikiliza na utazame. Paka oili kuzunguka plagi na mahali kichwa kinapokutana na silinda. Mapovu pale ni washa (kipete bapa) ya plagi au gasketi ya kichwa, na tiba ni kukaza skrubu kwa mpangilio wa msalaba injini ikiwa baridi, kidogo kidogo. Katika Cox ndogo kichwa chenyewe ndicho plagi, na washa ya shaba chini yake ikisahaulika au ikichoka kompresheni yote inaondoka.

Kama hakuna mapovu na kuna mlio wa hewa kwenye ekzosi, ni pistoni. Kwenye injini ya ringi shuku ringi iliyogandia kwenye mfereji wake kabla ya kushuku uchakavu. Joto na methanoli huifungua mara nyingi bila kuitoa.

Mafuta yapo, kompresheni ipo, lakini haiwaki hata kidogo

Weka tone moja au mawili ya mafuta kupitia ekzosi na uipige. Kama hata hivyo haikohoi, tangi na kabureta havihusiki kwa sasa. Shida ni moto.

Kwa plagi ya joto, itoe uitazame ikiwa imeunganishwa na betri, mbali na mafuta. Kiwaya king'ae rangi ya chungwa yenye nguvu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wekundu wa giza maana yake betri imechoka au mguso una kutu. Ikiwa nusu tu inawaka, mizunguko ya kiwaya imegusana. Plagi inayong'aa vizuri nje lakini inakufa ndani inaweza kuwa imelowa: betri inahangaika kuchemsha mafuta badala ya kupasha kiwaya. Toa plagi, zungusha propela kutoa mafuta, rudisha. Na soma alama za plagi za zamani, kwa sababu baadhi zilitaka volti 2 na ukizipa 1.5 zinabaki vuguvugu.

Injini za cheche ndizo zinazowachosha watu, na karibu kila mara kosa liko kwenye saketi, wala si kwenye injini. Usipime betri ikiwa imepumzika. Betri kavu iliyokwisha inaweza kuonyesha karibu volti zake zote kwenye multimita mpaka uiombe kazi. Geuza propela mpaka pointi zifunge, weka multimita kwenye ncha za betri wakati koili inavuta umeme, na usome wakati huo. Kama volti 3 zimeporomoka kuelekea 2, umeshapata mgonjwa wako. Usiache pointi zimefunga muda mrefu ukiwa unashangaa. Koili inapata moto na betri inakwisha.

Baada ya betri njoo kwenye pointi. Hizi zinakaa pale oili inaporushwa kutoka kwenye beringi ya mbele, na utando mwembamba wa oili unatosha kuzuia volti 3. Bana kipande cha karatasi safi katikati yake, ivute, tazama alama nyeusi, rudia mpaka karatasi itoke nyeupe. Msasa uutumie pale tu nyuso zimechimbika. Nafasi ya pointi zikiwa zimefunguka iwe karibu milimita 0.25 hadi 0.3. Ukiona mwako mkubwa wa bluu kwenye pointi huku plagi ikitoa cheche dhaifu, kondensa imekufa au waya wake umekatika ndani ya ganda. Hiyo ni dalili isiyodanganya: nguvu iliyotakiwa kwenda kwenye plagi inateketea kwenye pointi na kuzila.

Kipimo cha plagi kuruka cheche nje ya silinda kinahitaji tahadhari ya tafsiri. Ndani ya silinda hewa imegandamizwa, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka nafasi ileile. Cheche nyembamba ya njano inayoonekana nje huenda isitokee kabisa ndani. Unataka ya bluu yenye mlio. Waya mkubwa wa kutoka koili kwenda plagi uwe mfupi na usiguse chuma. Ganda lake la mpira wa zamani hupasuka nyufa ndogo ambazo gizani utaziona zikivujisha cheche.

Dizeli isiyokohoa kabisa ikiwa na mafuta mapya haijabanwa vya kutosha. Shusha skrubu robo mzunguko kwa robo huku ukipiga. Ukihisi mkono unazuiwa kwa ghafla, umeizamisha kwa mafuta: rudisha skrubu nyuma.

Inawaka, inanguruma sekunde mbili, inazima

Dalili hii ndiyo inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, na ni habari njema. Imechoma mafuta uliyoidondoshea, kwa hiyo kompresheni na moto viko sawa. Kilichobaki ni swali moja: kwa nini haijivutii yenyewe?

Tumia mpira wa mafuta unaopenyeza macho. Ziba mdomo wa kabureta kwa kidole, zungusha propela mara mbili, na utazame mafuta yakitembea ndani ya mpira. Yakitembea vizuri kisha yakarudi nyuma ukiachia, tangi liko chini mno. Uso wa mafuta ukae karibu sawa na kitundu cha sindano (skrubu nyembamba inayopima mafuta yanayoingia kwenye kabureta) au chini yake kidogo, kama sentimita moja. Injini hizi zina mvuto mdogo, na tangi lililowekwa mbali au chini kwa ajili ya kupendeza benchi linazishinda.

Yasipotembea kabisa, angalia kwanza kitundu cha hewa cha tangi. Kisha toa sindano, pulizia kutoka upande wa kabureta kuelekea tangi, ili uchafu urudi ulikotoka. Uzi mmoja wa kitambaa au kipande cha oili iliyoganda kinaziba kitundu hicho kwa uhodari wa ajabu. Waya wa chuma usiingizwe humo, unapanua tundu. Kwa kuanzia, sindano ifunguliwe mizunguko 3 hadi 4 kwa injini nyingi, na tundu la kibomba (kinachotoa mafuta ndani ya kabureta) lielekee upande unaostahili kulingana na mwelekeo wa hewa.

Sasa tuseme mafuta yanatembea kwa kigugumizi, yakiwa na mapovu. Hewa inaingia kabla ya kabureta: mpira umepasuka pale unapovaa kwenye chuma, au nyuzi za skrubu ya sindano ni legevu. Vika kipande kifupi cha mpira wa silikoni juu ya nyuzi za sindano, kikumbatie sindano na kibomba pamoja. Kinaziba hewa na kinazuia sindano kujigeuza kwa mtetemo.

Chanzo kinachofichika zaidi ni krenkikesi inayovuja. Injini ya mipigo miwili inavuta mafuta kwa ombwe linalotokea chini ya pistoni inapopanda, kisha inayapandisha juu kwa shinikizo linalotokea pistoni inaposhuka. Kifuniko cha nyuma kisichokaa vizuri kinaiba yote mawili. Dondoshea oili kuzunguka kifuniko cha nyuma na mbele kwenye beringi, zungusha, tafuta mapovu. Kama injini inaweza kukimbia kidogo, dondoshea oili sehemu zilezile kwa bomba refu kutoka nyuma huku ukisikiliza: mlio ukibadilika ghafla, umepata mahali. Gasketi mpya unaweza kukata kwenye karatasi ya kawaida na kuilowesha oili. Beringi ya shaba iliyochakaa ni ugonjwa mgumu zaidi, lakini oili kurushwa kidogo mbele ni kawaida na hata inahitajika kulainisha. Wasiwasi uanze pale mafuta yanapochuruzika.

Halafu kuna makosa ya aliyeifungua kabla yako, nayo huwa kwenye injini nyingi zilizobadilisha wamiliki. Pistoni nyingi za zamani zina kigongo juu yake kinachoelekeza mafuta mapya yapande badala ya kukimbilia ekzosi moja kwa moja. Upande wake wa wima utazame njia ya kupandishia mafuta, na mteremko utazame ekzosi. Chungulia kupitia ekzosi ukiwa na tochi. Ukiona ukuta wima karibu nawe badala ya mteremko, pistoni imerudishwa nyuma mbele. Injini ya namna hiyo inawaka, inakula mafuta mengi, inachemka, na haipati kasi, na mtu anaweza kuhangaika na sindano wiki nzima. Vivyo hivyo silinda iliyogeuzwa, na sahani ya kuzunguka ya nyuma (vali ya kuingizia mafuta) iliyofungwa nje ya mahali pake. Hapa ndipo spana inapopata ruhusa.

Cox na ndugu zake zenye kilango chembamba cha chuma nyuma zina sababu yao ya pekee: kilango kimenata kwa oili au kimepinda. Kioshe kwa methanoli na ukiguse kwa ncha ya unyoya tu. Kikiwa na mkunjo badilisha.

Inapiga teke, au inawaka kinyumenyume

Katika injini ya cheche wenzo wa taiming (wakati wa cheche kuruka) umewekwa mapema mno. Rudisha nyuma wakati wa kuwasha, sogeza mbele ikishakimbia. Katika dizeli na plagi ya joto, teke kali mara nyingi ni dalili ya mafuta yaliyojaa au, kwa dizeli, skrubu ya kompresheni iliyoshushwa kupita kiasi. Injini zenye kilango cha nyuma hazijali zinazunguka upande gani, ndiyo maana Cox hukimbia kinyume kwa furaha. Sukuma propela dhidi ya kompresheni kwa upande wa kinyume ili teke lenyewe liirushe upande sahihi, au tumia springi yake ya kuwashia.

Inakimbia mpaka utoe betri ya plagi

Funga sindano kidogo kidogo, robo ya robo. Mafuta mengi yanapoza kiwaya na betri ndiyo inayoficha tatizo. Mlio utakuongoza: penye mafuta mengi injini inaunguruma kwa kuruka mpigo mmoja, sauti nzito ya chini, ukifunga sindano, inavunja ghafla kuingia mlio mkali wa kila mpigo. Sehemu ya kukaa ni baada tu ya kuvunja, ikiwa na mafuta kidogo ya ziada. Kama hata hapo kasi inashuka ukitoa betri, plagi ni ya baridi mno au kiwaya kimechakaa. Kiwaya kilichofifia rangi na kuwa na utando mweupe kama chumvi kinaonyesha injini imekimbizwa ikiwa na mafuta haba.

Kuna jaribio lenye faida kwa injini zote: bana mpira wa mafuta kwa vidole kwa muda mfupi mno ikikimbia. Kasi ikipanda kwanza kabla ya kushuka, kulikuwa na mafuta mengi. Ikishuka papo hapo, ulikuwa tayari kwenye ukingo, fungua sindano.

Dizeli inakimbia lakini haitulii

Hapa kuna mambo mawili yanayoshikana, sindano na skrubu ya kompresheni, na dalili zake zinafanana kwa masikio mageni. Mlio unaokosa moto, wa kupasuka-pasuka, ni kompresheni ndogo. Mlio mzito unaojikaza, kasi inashuka na silinda inapata moto haraka, ni kompresheni kubwa. Lakini mafuta haba nayo yanashusha kasi na kupandisha joto. Ili utofautishe, rudisha skrubu nyuma sehemu ya nane ya mzunguko. Ikiongeza kasi, ilikuwa imebanwa mno. Ikianza kukosa moto, irudishe ilipokuwa na ufungue sindano. Ukishapata ulaini baridi, tegemea kurudisha skrubu kidogo mara nyingine injini ikishapata joto lake. Etha ikizidi au nitrati ya kuwasha (kiongezi cha mafuta ya dizeli) ikizidi asilimia 2, injini za zamani za mpigo mrefu zinakuwa kali bila sababu. Nyingi zinakwenda vizuri bila nitrati hata tone.

Skrubu ikirudishwa na pistoni ya juu isipofuata, imenata. Pasha silinda moto, weka mafuta kidogo, skrubu ikiwa imelegezwa, upige. Mwako wenyewe utaisukuma juu.

Inashika kasi vizuri, kisha inalegea ikipata moto

Mafuta haba ndiyo chanzo cha kwanza, na tiba unaijua. Cha pili ni propela nzito. Cha tatu ni beringi ya mbele inayokaza kwa joto, utaisikia kwa kuzungusha mara tu baada ya kuzima: inasugua. Injini ambayo haijawahi kukimbizwa sana, hata kama ina umri wa miaka 70, bado yataka kuzoezwa kwa vipindi vifupi vyenye mafuta mengi na kupoa katikati. Oili nyeusi inayotoka kwenye ekzosi wakati huo ni vumbi la chuma la pistoni ikijisugua, inafifia baada ya muda. Oili ya kijivu inayong'aa ni aluminiamu, na hiyo izime.

Kama yote hayo yametolewa, bana mpira wa mafuta injini isimame, na mara hiyohiyo geuza propela kwa kijiti. Ikiwa kompresheni iliyokuwa nzuri asubuhi sasa imepotea, na ikarudi injini ikipoa, oili nzito baridi ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo la pistoni iliyochakaa. Ongeza oili kwenye mafuta (kwa plagi ya joto, ya nyonyo hadi asilimia 28), tumia propela nyepesi, na pima kwa tachometa (kipima mizunguko) kasi ya dakika ya kwanza na ya tatu. Zikikaribiana, injini hiyo bado ina safari nyingi za hewani. Zikitengana zaidi ya mizunguko mia chache, ni pistoni mpya ya kukatiwa silinda yake, au silinda itiwe kromu. Kabla ya kuituma kwa fundi, tia alama ndogo kwa kalamu ya wino usiofutika pale silinda inapokutana na krenkikesi, ili irudi ilivyokuwa.